Bendera Aliyoibeba Babu

Binti, fundi cherehani, alimshika baba yake mkono, akamwongoza mpaka mbele ya kabati la kioo kwenye makumbusho. Mzee alikuwa haoni tena, lakini alivaa koti na tai, maana alikuja kuiamkia bendera ambayo marehemu baba yake aliibeba vitani. Kwa jina la bendera hiyo aliwatandika wanawe kila walipolia. "Babu yenu alipigwa risasi na hakuiachia!" alikuwa akifoka, fimbo mkononi.

"Ina matundu?" aliuliza mzee.

"Yapo, baba. Mengi."

Mama mtu mzima aliyetunza vitu vya makumbusho alimvuta binti kando, akamnong'oneza. Kumbe babu aliitupa bendera akatoroka. Askari wenzake walimkamata, wakamviringisha ndani yake, wakammiminia risasi.

"Mzee tumfiche tu, mwanangu. Umri umekwenda."

Binti alitazama kidole chake kilichopinda kwa fimbo tangu utotoni. Akarudi kwa baba yake, akamwambia yote kwa sauti ya kawaida, kama anayemsomea mteja vipimo vya suruali.

Mzee alipapasa kioo. "Uongo huo! Nipeleke nyumbani."

"Subiri kwanza." Akamgeukia mtunzaji. "Mama, hebu mweleze mwenyewe. Polepole, asikose neno."

Yule mama alieleza huku ameinamisha uso. Mzee akataka kuketi. Binti alimkamata kwapani, akamsimamisha wima mpaka maelezo yakaisha.

Kisha akamshika mkono tena, wakaondoka. Binti alifika nyumbani moyo ukiwa mwepesi, akapakua chakula, akala akashiba.