Simu ya Kupokelea Misiba

Kwetu Nkoaranga mtu akifa hupigwa kengele ya kanisa, na kabla haijanyamaza, waliopo shambani wameshajua, waliopo mtoni wameshajua, na mfiwa kajua pamoja nao. Hakuna anayemficha mwenzake. Nilipohamia Kaloleni, mjini Arusha, kupanga chumba kwa Bi Mwanamkuu ndipo nilipojifunza kwamba wapo watu ambao habari ya kifo kwao ni kama uji wa moto, haipokewi kwa mikono mitupu.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ipo barazani, chini ya dirisha la sebule ya Bi Mwanamkuu, na ndani ya dirisha hilo ndipo ilipo simu ya mezani. Ni nyeusi, ya zamani, ile ya kuzungusha kwa kidole, na imefunikwa kitambaa cha kufuma utadhani bibi harusi. Kila mtu mle ndani ana simu ya mkononi. Bi Mwanamkuu mwenyewe anayo, na ndiyo anayozungumzia na ndugu zake wa Pangani bei ya nazi na nani kaolewa na nani kaachika. Ya mezani haikuwa ya soga. Ilikuwa ya misiba tu.

Utaratibu wao ni huu. Mtu akifariki huko kwao Pangani, mfiwa hapigiwi simu yake ya mkononi. Huo wanauita ukatili: umemvamia mwenzako pengine yuko sokoni, pengine ana sufuria ya mafuta jikoni, uso wake huuoni na hujui nani atamdaka akianguka. Hupigwa simu ya nyumbani. Huipokea Omary, mtoto wa Bi Mwanamkuu, au mtu yeyote asiye mfiwa, kisha aliyeipokea anatoka kimya kimya kwenda kumwita Mzee Abdulhalim, jirani. Mzee anaingia, anavua viatu, anaomba maji, anakunywa, anakaa. Basi hapo watu wameshajua, ila wanangoja aseme. Ndiyo maana mzee wa watu akija kwa heri zake hupaza sauti tangu barabarani, "Nimefuata kahawa tu mie, kahawa tu." Mara ya kwanza nilicheka. Siku alipokuja bila kupaza sauti, nilielewa.

Sasa, mdogo wake Bi Mwanamkuu, anaitwa Swabaha, alikuwa mahututi huko Pangani. Kwa mama yao walizaliwa wawili tu. Tangu usichana waliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha, asiguswe na mikono ya kuazima. Bi Mwanamkuu alikwenda akamuuguza mfungo mzima wa Ramadhani, mpaka mgonjwa mwenyewe akamwambia, "Dada, rudi kwako. Unanitazama kama mtu anayengoja chungu kichemke." Alirudi Arusha akitusimulia huku anacheka. Lakini siku ileile alifungasha mkoba: sabuni, karafuu maiti, ubani, kanga, na nauli kwenye fundo la leso. Akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Simu ikilia," alituambia, "mimi naondoka na basi lolote litakalokuwapo." Hakurudia tena.

Ndipo matapeli walipoingia.

Simu ililia asubuhi moja, Omary akaipokea, nami nikasimamisha cherehani. Hakikuwa kifo. Ilikuwa sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, laini, ya mtu aliyeshiba: "Habari za leo, ndugu mteja. Hongera. Namba yako imechaguliwa kupokea zawadi nono. Kupata zawadi yako, bonyeza moja." Simu ile haina cha kubonyeza. Mashine ingeweza kupiga mpaka kiama isiambulie kitu.

"Huyu anatafuta maembe kwenye mnazi," Omary alisema, akacheka, akairudisha.

Kucheka kwenyewe hakukudumu. Mashine haina aibu wala haichoki. Ilipiga baada ya chai, ikapiga wakati wa adhuhuri, ikapiga watu wamekaa kula. Kila ikilia, Bi Mwanamkuu alikuwa ameshatoka chumbani, mkoba begani, kabla Omary hajafika mezani. Omary anasikiliza, anasema, "Mashine, mama," naye anarudi kuutundika mkoba. Kila mlio alikuwa anafiwa, na kila Omary aliposema neno lile alikuwa anarudishiwa mdogo wake. Mwili wa mtu mzima hauwezi kufiwa na kurudishiwa kutwa nzima. Shinikizo la damu likapanda, miguu ikavimba.

Omary alikwenda kulalamika kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Akaambiwa aichukue namba ya tapeli, aitume kwa ujumbe mfupi kutoka kwenye simu iliyopigiwa. Akaeleza kwamba simu iliyopigiwa haina kioo cha kuonyesha namba, na haijapata kutuma ujumbe tangu izaliwe. Yule kijana wa nyuma ya kaunta akaomba aletewe picha yake, maana hakuwahi kuiona simu ya namna hiyo. Omary alirudi nyumbani vilevile alivyokwenda.

Siku moja Bi Mwanamkuu aliipokea mwenyewe, Omary akiwa bafuni. Nilimwona dirishani. Mashine ilimwambia habari za leo, naye akajibu, "Nzuri, mwanangu, sijui za huko." Ikaendelea na zawadi zake. Aliingoja imalize, akauweka mkono wa simu taratibu.

"Hana adabu," aliniambia. "Anakupa hongera wala hajakusikia."

Kisha alfajiri moja ililia, naye akaanguka sebuleni na mkoba wake. Hakuumia sana, ila Omary aliogopa, nami niliogopa. Baada ya siku hiyo simu ikanyamaza kabisa. Tulidhani mashine imekata tamaa. Bi Mwanamkuu akaanza kulala usingizi, uvimbe ukapungua, akarudi kunitania kuhusu mishono yangu. Niliweza kushona gauni tangu kola hadi upindo bila kusimama.

Siku yenyewe Omary aliondoka alfajiri kwenda Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima, kununua nyanya za genge lake la Kwa Mrombo. Huko mtandao unakuja na kuondoka upendavyo. Asubuhi, jua limeshapanda, simu ya mkononi ya Bi Mwanamkuu iliita. Yeye huiweka sauti ya nje kwa sababu sikio moja limechoka, hivyo nilisikia yote. Alikuwa Hamadi, mtoto wa Swabaha.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu upo. Mama yako kaamkaje?"

Hamadi alikohoa. "Tunamshukuru Mungu. Kaka Omary yupo hapo? Simu yake haipatikani."

"Kafuata nyanya mlimani."

"Na Mzee Abdulhalim, yupo karibu?"

"Kaenda Usa River kwa binti yake."

"Simu ya nyumbani nzima, mama mkubwa?"

"Nzima. Siku hizi imetulia, alhamdulillahi."

"Haya, mama mkubwa. Haya." Akakata.

Sikuona ajabu yoyote. Niliendelea kukanyaga pedali. Nilipoinua macho, Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni ya simu ya mezani, mkoba mapajani.

"Kulikoni, mama?"

"Hakuna kitu. Mtoto kamuulizia Abdulhalim."

Hapo nami nikaelewa. Niliingia ndani. "Basi mama, nivue kipimo hiki shingoni, nikupeleke stendi. Mabasi ya Tanga bado yapo."

"Niende wapi, fundi? Sijaambiwa."

"Umeshajua."

"Sijui chochote. Nikitoka na mkoba huu hapa kabla sijaambiwa, huo ni uchuro. Nitakuwa nimemzika mdogo wangu kwa miguu yangu, na huenda yuko kitandani anakunywa uji."

"Mpigie Hamadi umuulize."

Alinitazama kama nimetapika sebuleni kwake. "Nimwambie mtoto, hebu niambie, mama yako kafa? Kwenu ndivyo mnavyoulizana?"

Nilikasirika, nisifiche. Nilitamani kumwambia kwamba kwetu tusingefika huko, kengele ingekuwa imeshalia na yeye ameshapanda basi. Lakini hiyo ni nyumba yake, na ndugu ni wake. Nikakaa naye.

Akaielekezea simu kidole. "Ingekuwa ndilo, ingelia," akasema.

Simu iliyolia siku zote hizo kwa sababu ya upuuzi ingeshindwaje kulia kwa jambo kama hili? Tuliingoja. Ikakaa chini ya kitambaa chake, kimya. Kadiri ilivyokaa kimya ndivyo uso wake ulivyofunguka. Akaanza kuwaza kwa sauti: pengine kijana anataka kuoa, ndiyo maana anatafuta wazee. Pengine kuna kesi ya shamba la minazi. Adhuhuri alisali, akala wali kidogo. Alipomaliza kusali alasiri aliutundika mkoba kwenye msumari, akaniambia nibandike chai, na nitie tangawizi nyingi. Nami nilifurahi. Niliibandika chai ile huku naimba.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipomwona Mzee Abdulhalim anakuja. Hakusema kahawa. Omary alikuwa nyuma yake, vumbi la Ngarenanyuki limemjaa mpaka kwenye kope. Mzee alivua viatu mlangoni, akaniomba maji. Nilimpa. Hakuwahi kuyafikisha mdomoni.

"Wamemzika saa ngapi?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

Mzee alikiweka kikombe chini. "Baada ya alasiri, dada yangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Kamwosha nani?"

"Majirani. Wanawake wema, nimeambiwa."

Bi Mwanamkuu alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha bei aliyotajiwa. Omary alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akatoa waya wa simu. Ulikuwa unaning'inia, haujachomekwa popote.

"Niliuchomoa mimi, mama," alisema. "Siku ile uliyoanguka. Nilimwambia Hamadi apige kwangu." Alikuwa analia, na nyanya alizinunua kweli, zilikuwa kwenye gari nje.

Ndipo tulipopata upande wa Hamadi. Alipiga simu ya mezani kutwa nzima. Kwake iliita vizuri tu, akadhani hatupo, tumeshapata habari kwa njia nyingine na tupo safarini, au tumetoka mara moja, akapiga tena. Wazee wa Pangani walisema wazi: wakipata neno kutoka Arusha kwamba dada yake anakuja, watamngoja hata mpaka kesho yake asubuhi. Bila neno, maiti haingoji. Simu ya Omary ilipopatikana, akiwa anashuka mlimani, walikuwa wameshazika, naye akampitia mzee Usa River. Wakati sisi tunaitazama simu na kushukuru kwamba hailii, yeye alikuwa ameishika yake sikioni anaisikia inalia. Na namba ya mama yake mkubwa alikuwa nayo mkononi muda wote. Alishazungumza naye. Alishamuuliza habari za mguu.

Nilimgeukia Bi Mwanamkuu nikitarajia amlaani mwanawe, au awalaani matapeli, au mila yenyewe, maana mimi nilikuwa nimeshalaani vyote moyoni.

"Chomeka," alimwambia Omary.

Matanga yaliwekwa palepale Kaloleni, kwa kuwa Pangani hakukuwa na la kuwahi tena. Wanawake walijaa sebuleni, mikeka ikatandikwa mpaka barazani, cherehani yangu nikaisogeza uani. Katikati ya kisomo simu ililia. Wote walikatiza. Omary aliinuka, Mzee Abdulhalim akainuka, na wanawake wawili wakamshika mfiwa mabega kwa mazoea.

"Kaeni," Bi Mwanamkuu alisema. Akajitoa mikononi mwao, akaifunua simu, akaipokea mwenyewe. Chumba kilikuwa kimya, kwa hiyo tulioketi karibu tulimsikia yule mwanamke akimpa hongera. Bi Mwanamkuu alimsikiliza mpaka mwisho, hadi pale anaposema bonyeza moja, kisha akaurudisha mkono wa simu mahali pake na kuifunika kitambaa.

"Kuanzia leo nitaipokea mimi," alisema. "Niliyekuwa namwogopea ameshapita. Iliyobaki ni habari yangu mwenyewe, na hiyo mtapigiana ninyi."

Jioni ile aliushusha mkoba. Karafuu maiti na ubani alimpa Mzee Abdulhalim apeleke msikitini. Kanga alizirudisha sandukuni. Sabuni alinipa mimi, akanisisitizia nisiiweke, niitumie. Nilikaa uani na beseni, nikaoshea vikombe vya matanga, vyote, mpaka ikaisha.