Kadi za Damu za Yarrapinka

Joto la Yarrapinka, kimji chetu cha jangwani, lilikuwa hivi: kuku wangu walitaga mayai yakiwa yameshachemka, nami nikayauza pamoja na chumvi. Nilikuwa na kituo cha petroli, na simu ya mji ilikuwa ukutani kwangu, kwa hiyo lililosemwa nililisikia, na ambalo halikusemwa nimeliongezea mwenyewe.

Siku hiyo alipiga Daktari Merle Noske, kutoka maabara ya Adelaide. Mama huyu, binti wa mfuga ng'ombe wa maziwa, ujana wake wote aliumalizia kuchunguza jinsi maziwa yanavyoua. Wako watoto wanaorithi kasoro kwa baba na mama: mwili hauna kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na sukari ile inaharibu ini na ubongo. Tiba ni kuacha maziwa, hata ya mama. Ndiyo maana kila mtoto wetu alitobolewa kisigino, damu ikadondoshewa kwenye kadi, kadi ikaenda kwake kwa posta.

"Kadi tatu za kwenu zimetoka mbaya," alimwambia muuguzi wetu, Sista Beryl Tonkin. "Watoto wote watatu waache maziwa leo."

Ugonjwa wenyewe ni wa nadra mno. Watatu katika kimji chetu ni maajabu. Mkuu wa maabara alishaanza kuitafutia jina kasoro mpya. Noske akapanda gari akaja kuchukua damu nyingine.

Wawili walikuwa watoto wa chupa. Hao walibadilishiwa tu wakapewa ya soya, yasiyo na sukari ile. Wa tatu alikuwa wa Coralie Pascoe, na alikuwa ananyonya; naye akaachishwa titi, akapewa chupa.

"Mwanangu ananenepa," Coralie alimwambia Noske alipofika. "Wewe umemwona kwenye karatasi tu."

"Karatasi ndiyo inayonitisha, mama."

Sista akamtoboa mtoto, akajaza kadi, akatoka nayo mbio huku akipunga mkono. Noske akamfuata. Akamkuta anaiweka juu ya dashibodi ya gari lake na kufunga vioo.

"Unafanya nini, Sista?"

"Naianika. Si mlisema ikauke hewani? Hewa ya hapa ni nzi. Wataifyonza damu yote wakuletee kadi nyeupe. Humu hawaingii."

Noske akafungua mlango, akaingiza mkono ndani ya gari, akautoa upesi. Usukani ule uliwahi kumchuna polisi kiganja kizima, akawa hana tena alama za vidole.

"Zote unaanika humu?"

"Tangu joto lianze. Zote tatu."

"Basi tumekipika kimeng'enya. Kikiungua hakifanyi kazi, nami nasoma kwamba hakipo."

Des, mumewe Coralie, aliyesimama mlangoni na mkewe, akacheka. "Kumbe mtoto mzima! Mpe titi, mke wangu."

"Hapana," alisema Noske. "Kadi iliyoungua haisemi ni mgonjwa, wala haisemi ni mzima. Haisemi kitu."

"Juzi ulikuwa na hakika, ukamwachisha," alisema Coralie. "Leo huna, na bado unamwachisha. Maziwa yangu yakikauka utayarudisha wewe?"

"Siwezi. Lakini soya ya siku chache haitamuua. Nilipoanza kazi hii nilisubiri hakika, kwa mtoto mmoja. Ilikuja baada ya mazishi."

Coralie akamtazama, kisha akamnyooshea mguu wa mtoto. "Chukua yako. Usiipike."

Damu za wale watatu ziliwekwa kwenye sanduku langu la barafu. Nilitoa bia ili zipate nafasi, na wanaume wa mji waliniangalia kama mtu aliyeuza kanisa. Noske akaondoka nazo mchana uleule.

Coralie akawa anakamua ili kifua kisikauke, maziwa anampa paka. Paka alinenepa hadi ikabidi Des apanue mlango. Lakini kila asubuhi yalipungua, na mwishowe paka naye alianza kununa.

Simu ilipolia tena nilimwita Coralie, akaja na mtoto mkononi.

"Wote watatu wazima," alisema Noske. "Mnyonyeshe."

Coralie akakaa juu ya kreti ya soda, nikageukia ukuta. Mtoto alishazoea chupa; akageuza uso, akalia. Akajaribiwa tena, akalia zaidi. Nikashika simu.

"Daktari, mbona hukati?"

"Nasubiri."

"Na ile kasoro mpya ya mkubwa wako?"

"Imeungulia kwenye gari la Sista. Nitaandika habari za nzi. Mtoto anafanyaje?"

Kilio kikakatika. Nilisikia feni tu.

"Ameshika?" Noske aliuliza.

"Mwambie ameshika," alisema Coralie. "Yanatoka kidogo, lakini yanatoka. Na mwambie akate, hiyo kelele ya simu inamshtua mtoto."