Nyumba ya Malita Haikulowa

Jumanne asubuhi afisa wa shirika la misaada aliingia uani kwa Zakeyo na fimbo iliyopakwa rangi nyekundu mahali patatu: usawa wa magoti, wa kiuno na wa kifua. Kazi yake ilikuwa kutafuta mstari wa matope ukutani. Wa magotini ulileta unga. Wa kiunoni, unga na maharage. Wa kifuani ulileta vyote hivyo pamoja na turubai na ndoo ya mafuta ya kupikia.

Zakeyo alikuwa na wake wawili, kila mmoja na nyumba yake. Kwa Fanesi, mke mkubwa, mstari ulifika kifuani. Kwa Malita, mke mdogo, ukuta ulikuwa mkavu. Mto Shire ulipofurika, nyumba ya Malita ilinyanyuka na jiko, kuku na watoto wake watatu, ikakaa juu ya maji siku nne, kisha ikashuka palepale. Majirani waliiona. Mmoja alimwomba amwanikie shuka kwenye paa.

"Mama, wewe hukuathirika," afisa alisema.

"Shamba lote limesombwa! Nimebaki na debe moja la mbegu."

"Fomu haiulizi shamba. Inauliza ukuta."

"Ukuta ulikuwa juu, baba."

"Naelewa," alisema afisa, na alielewa kweli, akaandika sifuri.

Malita aliona wivu, wala hakujisumbua kuuficha. Kila mchana harufu ya mafuta ilitoka kwa Fanesi ikapita mlangoni pake bila kubisha hodi. Watoto wake walikula viazi vya yungiyungi alivyochimba kinamasini, na vikawaumiza matumbo. Zakeyo, ambaye miaka yote alilala siku tatu huku na siku tatu kule, alianza kuzisahau za Malita.

"Zamu yangu iko wapi, baba Dailesi?" alimuuliza mumewe.

"Kwako kunanuka matope ya kinamasi, Malita. Mimi mtu mzima."

"Basi sema umeoa ndoo!"

Fanesi aliwapa watoto wa mwenzake maandazi na salamu. "Mwambieni mama yenu sisi tuliolowa tunawaonea huruma nyie wa juu." Malita aliyala maandazi yale huku analia kwa hasira, na yalikuwa matamu.

Wiki ya tatu mto ukaanza kupanda tena. Watu walihamia kilima cha shule na magodoro yao. Malita aliwapeleka watoto huko, akarudi peke yake. Alikwenda kwenye kanisa lililoanguka, akabeba mawe ya msingi, akayapanga nyumbani ukuta hadi ukuta. Maji yalipofika, nyumba ilitikisika, ikanyanyuka kiasi cha kupitisha mkono.

"Tulia wewe," Malita aliiambia.

Akaongeza kinu. Nyumba ikaendelea kuvuta. Akaongeza jiwe la kusagia. Ndani hapakubaki kitu kizito isipokuwa debe la mbegu. Aliliangalia muda mrefu, akasikia kicheko cha Fanesi kikitoka kilimani, akalibeba, akaliweka juu ya mawe. Nyumba ikashuka, ikazama hata chini ya pale ilipojengwa. Malita alisimama ndani mpaka maji yakamfika kifuani, akatoka akiogelea.

Afisa aliporudi na fimbo yake, kwa Malita mstari ulikuwa kifuani. Kwa Fanesi uliishia kiunoni.

"Safari hii umeathirika," afisa alisema, akampongeza.

Jioni hiyo Malita alikaanga samaki na dirisha la upande wa Fanesi likiwa wazi. Zakeyo alikuja na mkeka wake. Watoto walishiba, wakalala. Malita alifurahi, na alifurahi zaidi alipomsikia mwenzake akiwafokea kuku.

Maji yakapungua. Wenye mbegu walishuka kupanda matope yakingali mabichi, maana hayasubiri. Malita alifukua debe, akakuta uji unaonuka. Mafuta yalikuwa yamefika chini ya ndoo. Alikaa kizingitini, hana la kupanda, akamwona Fanesi akitoka kanisani na jiwe kichwani. Alilitua ndani ya nyumba yake, akaenda kuchukua jingine.

Hakuna aliyemuuliza la nini. Malita alilitazama lile jiwe. Lilikuwa kubwa kuliko yake yote. Akafunga kanga kiunoni, akaondoka mbio kabla mawe makubwa hayajaisha.