Kibodi ya Mapokezi

Kila Jumamosi alasiri, kliniki ya meno ikishafungwa na mgonjwa wa mwisho kuondoka na shavu lake lililofura, wanaume wanne wenye akili zao timamu hukutana kwenye chumba cha kusubiri kubishana kuhusu kibodi. Si kompyuta. Kompyuta kila mtu anayo. Kibodi tu, zile za kuunda kwa mkono, ambazo mtu hununua swichi za vitufe huku, bamba la kuzishikilia kule, vifuniko vya herufi kwa mtu wa tatu asiyepokea simu, kisha hukaa wiki mbili akipaka grisi swichi moja moja kwa kibrashi chembamba. Ukimaliza taabu yote hiyo unapata kitu cha kuandikia "Habari za asubuhi."

Daktari wa Meno, mwenye kliniki, ndiye bingwa wa sura. Kwake kibodi mbaya ni kama jino la mbele lililooza: hata likitafuna vizuri, nani atakaa akutazame? Alikuwa na kibodi ya rangi ya maziwa, na nyingine ya rangi ya maziwa yaliyolala, na ole wako useme zinafanana. Mwalimu wa Hesabu alisimamia upande wa bei. Alishikilia kwamba kibodi yoyote inayozidi bei ya jozi ya viatu ni wizi wa mchana kweupe, na aliyasema hayo huku akiwa na kibodi tisa nyumbani, mbili kati yazo zimefichwa chini ya mablanketi ili mkewe asizione. Fundi Saa hakuwa na maoni. Yeye aliunda. Alikuwa akikaa kwenye kona yake, mikono magotini, akisubiri kuambiwa kama alicholeta ni kitu au si kitu.

Na wa kumwambia hivyo alikuwa Sikio.

Sikio alikuwa mfasiri wa mikataba, mtu wa miaka hamsini na mitatu, tumbo kidogo, miwani miwili. Jina alilipata miaka sita iliyopita, siku walipomkalisha akitazama ukuta, wakamchapia sentensi moja nyuma yake, naye akataja aina ya swichi, akataja bamba ni la nini, kisha akasema kitufe kirefu cha chini kimelegea upande wa kushoto. Wakakitazama. Kimelegea. Tangu hapo neno lake likawa sheria. Akisema kibodi inasema "tok", mwenyewe analala usingizi mzuri wiki nzima. Akisema inasema "chak", mwenyewe anaifungasha na kuondoka uso umemshuka, na pengine anaiuza njiani.

Lakini kwa nusu mwaka hivi Sikio alikuwa amelainika. Kibodi za bei chee za Mwalimu, ambazo zamani alisema zinalia kama sufuria lenye kokoto, sasa alizisifu. Zimetulia, alisema. Zina kifua. Wenzake wakadhani ni utu uzima. Aliyeendelea kuonja makali yake ni Fundi Saa peke yake. Kila alicholeta Fundi kilikuwa kimefubaa, kina mafua, kama kuchapa juu ya godoro. Fundi aliitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani kuanza upya.

Alhamisi Sikio alijua sababu.

Mkewe ndiye aliyempeleka, tena kwa kumkokota. Ni mwalimu wa chekechea, amezoea kuwavuta mkono watu wasiotaka kwenda. "Birika limeungua mara mbili linapiga mbinja hapo hapo ubavuni mwako," alimwambia, "na watoto wa jirani wakikusalimia unawapita kama miti. Twende." Mpimaji wa masikio alikuwa msichana mwenye umri wa kuwa binti yake, akamwamkia kwa adabu, akamvalisha vipokea sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Sikio alikibonyeza akakisikiliza. Akamwambia binti yule kitufe chake kibovu, hakilii. Alikuwa na hakika.

"Kitufe ni kizima, mzee," alisema binti. Akamgeuzia karatasi yenye mstari ulioanza juu vizuri, kisha ukaanguka kama mtu aliyekosea ngazi. "Sauti nene unazipata. Nyembamba ndizo zimeondoka."

"Zitarudi lini?"

"Hazirudi, mzee. Vifaa vya kuvaa vitakusaidia kiasi."

"Hebu niambie. Kitu kikiwa na kelele nyembamba, ile ya kukereketa, mimi nitakisikiaje?"

"Utasikia unene wake tu. Kelele haitakufika."

"Na kile chenye mlio mwembamba mzuri?"

"Huo pia hautakufika," alisema binti, na akamwandikia tarehe ya kurudi.

Kwenye ngazi mkewe alimuuliza, "Utawaambia wenzako?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba husikii."

"Nasikia."

"Hilo la wenzako nimekuuliza mara tatu, mume wangu. Hii ya tatu ndiyo umejibu."

Hakuwaambia. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mikataba aliyofasiri hakuna aliyewahi kumshukuru, wanaoisoma huisoma wakiwa wamenuniana. Mahali pekee duniani ambapo watu wazima walizuia pumzi wakimsubiri afungue kinywa ni pale, kati ya picha za magego na meza ya majarida yaliyochanika. Kiti kile alikipenda. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, na Jumamosi akaenda akiwa amepanga maneno ya jumla jumla yasiyoweza kumfunga.

Fundi Saa alikuwa amefika kabla ya wote. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na mapajani alikuwa na kitu kimefungwa kwa kanga. Walipokaa alisimama, akakohoa, akatoa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

"Hii nimeikalia miezi kumi na moja," alisema. "Bamba ni la shaba, nimelikata mwenyewe kwa msumeno wa mkono. Nimeamua hivi. Sikio ukiikubali, natoka kwenye saa, naanza kuunda hizi za kuuza. Ukiikataa, basi. Nitakuwa nimejua, na mke wangu naye atapumzika."

Akaifungua. Ilikuwa nyeusi, haina urembo wowote. Daktari aliizunguka kama anayetafuta tundu la jino. "Sura yake kali," alisema. "Lakini hii pembe ungeiviringisha kidogo."

"Bei?" aliuliza Mwalimu.

Fundi aliitaja. Mwalimu alikaa chini japo alikuwa ameshakaa.

"Basi isikilizwe kwa haki," alisema Mwalimu alipopata sauti. "Ishindanishwe na nyingine. Sikio ageuke ukutani kama kawaida, asijue ipi ni ipi."

Sikio aligeuka, akatazamana na picha ya ufizi wenye ugonjwa. Nyuma yake Mwalimu alinyata hadi dawati la mapokezi, akachomoa kibodi ya pale, ile ya plastiki iliyokuja bure na kompyuta, ina doa la chai na herufi tatu zimefutika. Akamkonyeza Daktari. Fundi aliona, akatabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Wakachapa ya kwanza. Sikio alisikia kitu kama vidole juu ya mto. Wakachapa ya pili, na sauti ikaja nene, ya joto, imeshiba. Hapo angeweza kusema hajui. Badala yake alipiga hesabu zake: kwa nusu mwaka amekuwa akimdai Fundi unene, na Fundi si mtu wa kuambiwa mara mbili. Ya pili lazima iwe yake. Sikio alifurahi kwa dhati. Alitaka mtu huyu apate siku yake, na alitaka yeye ndiye ampe.

"Ya pili," alisema, akigeuka na mikono ameifungua. "Hata si ya kulinganisha. Hongera, Fundi!"

Mwalimu alipiga ukelele uliofika barabarani. Aliruka, akaibusu kibodi ya mapokezi kwenye doa la chai. "Bure!" alipaza sauti. "Ilikuja bure! Miaka sita nasema, miaka sita mnanicheka!"

Daktari alitoa macho. Kisha, kama mtu anayetafuta upande wa kukaa ili asilowe, akainamisha kichwa na kubonyeza herufi mbili. "Kusema kweli," alisema polepole, "hata mimi niliisikia. Ina roho hii. Na hili doa, ukilitazama vizuri, linaipa heshima fulani."

Fundi alianza kuifunga kanga, kona moja, kona ya pili, kwa utaratibu ule ule wa kufunga saa ya mteja. "Asante, Sikio," alisema. "Mwingine angenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hilo bamba nitalikata, litatoka visahani vizuri vya skrubu."

Ile asante ndiyo iliyomkata Sikio maini. Angetukanwa angevumilia. Alitoa karatasi mfukoni, akaitandaza juu ya majarida.

"Mimi sisikii," alisema. "Birika limeungua mara mbili ubavuni mwangu, mke wangu akanipeleka kupimwa Alhamisi. Zile sauti nyembamba zote zimekwisha, nabakiwa na mtetemo wa chini tu. Ndiyo maana hilo dubwasha la mapokezi kwangu tamu. Msinifuate. Nimekosea."

Mwalimu aliinama juu ya grafu, maana grafu ni mambo yake. Aliufuata ule mstari kwa kidole hadi ulipoanguka, akanyanyua uso. "Grafu hii haina vipimo vya kueleweka," alisema.

"Mashine hizo zinatofautiana," Daktari aliunga mkono, kwa ile sauti ya kumtuliza mgonjwa. "Unajishusha tu, Sikio. Unaona haya kumuumiza Fundi. Sisi wenyewe tumesikia."

"Mmesikia nini? Mmesikia mimi nikisema!"

"Ina roho," alisema Daktari kwa msimamo.

"Ina kifua," alisema Mwalimu.

"Ni uchafu! Miaka sita iliyopita ningeitupa dirishani! Kiziwi anawaambia ni kiziwi, na nyinyi mnambishia?"

Wakambishia. Mwalimu hakuwa tayari kurudishiwa kushindwa kwake, na Daktari alikuwa ameshalipenda lile doa. Sikio alitamani kucheka na kulia, na akashindwa kupata hata kimoja.

Fundi alikuwa ameacha kufunga, kona ya kanga mkononi. "Tangu lini?" aliuliza.

"Nusu mwaka. Labda zaidi."

"Ile ya bluu. Uliyosema ina mafua."

"Ndiyo."

"Niliivunja. Nilirudi nyumbani nikaivunja kwa nyundo, mke wangu akadhani nimerukwa na akili." Akamsogelea. "Ilikuwa nzuri?"

Sikio alimtazama mdomo ili asipoteze neno, na akatamani angelipoteza. "Sijui, Fundi," alisema. "Niliisikia kwa haya haya masikio. Wala sitajua kamwe."

Fundi alipumua kwa nguvu puani. Kwa muda Sikio alidhani atapigwa, na akaona ni sawa. "Ungesema tu," alisema Fundi. "Birika linaungua, mkeo anapiga kelele, nyumba nzima inajua, wewe unakuja hapa unatoa hukumu. Kwa ajili ya kiti! Kiti chenyewe cha plastiki!"

"Ndiyo," alisema Sikio. "Kwa ajili ya kiti. Nisamehe."

Hakusamehewa. Fundi alimpa mgongo, akaifungua tena ile kanga, akaiweka kibodi yake mezani juu ya karatasi ya hospitali. Akachapa kitu kifupi. Akasimama. Akachapa tena, taratibu zaidi, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Inasemaje?" aliuliza Sikio kwa sauti ndogo.

Fundi alichapa tena herufi moja. Miaka sita alikuwa hajawahi kulazimika kujibu swali hilo mwenyewe. Siku zote alichapa, kisha akamtazama mtu mwingine usoni. "Kuna mlio," alisema mwishoni, akijikwaa. "Mwishoni mwa kila herufi. Mwembamba, unakuja halafu unaondoka. Kama... sijui kama nini. Mimi si mtu wa maneno."

"Endelea."

"Ni shaba ile. Niliikwangua wiki tatu ili ije hivyo hivyo." Akachapa tena, na tena, haraka sasa, na uso wake wote ukafunguka. "Nzuri," alisema, kama aliyeshtuliwa na habari. "Jamani, ni nzuri hii!"

"Nani kasema?" aliuliza Mwalimu kutoka kwenye dawati la mapokezi.

"Mimi."

Alivuta kiti cha Sikio kwa mguu bila kukitazama, akakikalia, akaendelea kuchapa. Sikio alibaki amesimama kando yake, amekosa pa kukaa. Alimwonea wivu, na pia alifurahi, na hakujua kipi kilianza. Aliinama karibu, karibu zaidi, sikio lake likakaribia kugusa shaba, na sauti ile ile ya vidole juu ya mto ikamjibu. Basi akainua kichwa, akatulia, akamtazama mwenzake akisikia.