Babu Aliyelala Chumba cha Gavana

Lusubilo alikuwa wakala wa forodha pale Tunduma, na kwa kuwa alishayavusha malori mengi mpakani, aliamini hakuna kitu duniani kisichopita kikipambwa kwa maelezo mazuri. Mkewe Yunisi, mwenye nyumba ya wageni kule Chapwa, aliamini shuka safi na bomba linalotoa maji. Basi mume alipotangaza kwamba miaka ishirini na mitano ya ndoa yao wataisherehekea Dar es Salaam, tena katika hoteli ya kihistoria, Yunisi aliuliza swali moja tu.

"Kihistoria maana yake mabomba ni ya zamani?"

"Ndiyo maana hatuendelei, Mama Recho," Lusubilo akasema. "Watu wa maana siku hizi hawalali kwenye vioo na lifti. Wanalala kwenye historia."

Historia yenyewe ilinuka popo. Hoteli ya Mnara ilikuwa mtaa wa nyuma karibu na bandari, nyumba ya ghorofa moja yenye kuta nene kama za gereza, na chumba chao kilikuwa juu. Kitanda kilikuwa kirefu hata ukakipanda kwa kigoda, na ukishapanda kililia kila ulipovuta pumzi. Feni ilizunguka kama inayobembelezwa. Bomba la bafuni lilikohoa kwanza, likatema kutu, ndipo likakumbuka maji. Yunisi aliinua ncha ya shuka, akalitazama godoro, akaishusha taratibu kama mtu aliyefunua maiti. Dereva wa lori kutoka Ndola akipewa chumba cha namna hii Chapwa, alifikiri, mtaa mzima utajua.

Lakini mlangoni kulikuwa na kibao cha shaba kilichosema gavana wa Kijerumani alipata kulala humo. Lusubilo alikipiga picha kibao, kisha akampa Yunisi simu ampige yeye pamoja na kibao.

"Piga tena. Tumbo limetokea."

"Limetokea kwa sababu lipo, Baba Recho."

Jioni wageni waliketi barazani wakinywa chai kwenye vikombe vidogo ambavyo mtu mzima angevimeza kwa bahati mbaya. Meneja, kijana mtanashati aitwaye Tumaini, aliwauliza mmoja mmoja wamefikaje hapo. Mzungu mmoja mzee akasema babu yake alijenga reli. Mama mmoja wa Masaki, shingo imejaa shanga, akasema baba yake alicheza dansi katika ukumbi huo enzi za Mwingereza. Kila aliyesema alitikisiwa vichwa kwa heshima. Yunisi alimwona mumewe anavyohangaika kitini, akajua kuna mzigo unatafutiwa njia ya kupita.

"Na mimi," Lusubilo akasema zamu yake ilipofika, "babu yangu, Chifu Asegelile wa Ikinga, aliitwa na gavana mwenyewe. Alilala chumba kilekile tulichopewa sisi."

Baraza zima likashusha pumzi. Tumaini nusura apige magoti. "Chifu! Mzee wangu, kesho Jumapili tuna chakula cha mchana cha wageni wote. Tafadhali tusimulie."

Yunisi alisubiri wafike chumbani.

"Wajerumani waliondoka nchi hii babu Asegelile hajazaliwa."

"Nani anahesabu?"

"Na uchifu alipewa na nani? Pale Ikinga hata uzee wa kanisa walimnyima kwa sababu ya pombe."

"Yunisi, hawa watu wamekuja na mababu zao. Ulitaka mimi niseme nini? Kwamba babu yangu alikuwa mtu hivihivi?"

Yunisi alimjua babu Asegelile kuliko huyu mjukuu wake alivyomjua. Alipoolewa alimkuta mzee yuko kitandani Ikinga, kifua kimejaa vumbi la migodi ya Kitwe ng'ambo ya mpaka, na wanaume wa ukoo wote wana shughuli. Ni yeye, bibi harusi hata hajazoea jiko la pale, aliyemlisha uji kwa kijiko na kumgeuza ubavu. Kati ya kikohozi na kikohozi mzee alimsimulia. Wengine waliingia kumwangalia, wakatazama paa, wakaaga.

Jumapili Lusubilo alivaa koti la suti katika joto la Dar, akasimama mbele ya meza. Alianza vizuri. Babu alikuwa na mkuki. Kufikia supu babu alikuwa na ngozi ya chui. Samaki walipoletwa alikuwa na ng'ombe wasiohesabika, na gavana alishuka ngazi mwenyewe kumpokea, na meza nzima ikapiga makofi. Jasho lilimtiririka msemaji, lakini babu alizidi kunenepa.

"Alikuja na wapagazi wengi," Lusubilo akasema. "Watu wa kubeba tu, washenzi wa porini, hawajui hata kijiko. Walilala nje, kule kwenye banda."

Yunisi aliweka uma chini. Uongo wa mkuki angeuvumilia, na hata chui angemwachia. Hilo la wapagazi ndilo lililomsimamisha.

"Babu yake alikuwa mtu wa kubeba kama hao," alisema. "Chifu hakuwepo."

Uma zikatulia. Lusubilo akamtazama kama aliyekamatwa na shehena isiyo na kibali.

"Asegelile alitoka Ikinga kijana, akatembea kwa miguu mpaka Kitwe kuchimba shaba," Yunisi aliendelea. "Njiani alibeba mizigo ya wafanyabiashara ili apate chakula. Mgodini alimfukua rafiki yake kwa mikono jiwe lilipomwangukia, na akamkuta hai. Alirudi na baiskeli na kifua kibovu. Baiskeli aliiuza mwanawe asome, na huyo mwana ndiye aliyemzaa huyu mnayemwona amevaa koti. Hotelini hakuwahi kulala. Dar es Salaam hakuwahi kuiona."

Akaketi. Mama wa Masaki akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata, kwa furaha ileile, makofi yaleyale waliyompigia chifu. Mzee Mzungu alifuta machozi, akaomba aongezewe samaki.

Tumaini alimfuata Yunisi ukumbini. "Mama, hii ni bora kuliko ya chifu! Tukiweka picha ya mzee ukutani, pembeni ya gavana, tukaandika hayo..."

"Nimesema hakulala hapa."

Kijana akapunguza sauti, akatabasamu. "Mama yangu, hata gavana hakulala. Ghorofa ya juu imejengwa juzi tu. Wageni wanapenda, sasa tufanyeje?"

Yunisi alimtazama kijana yule na tai yake, akageuka. Alipanda ngazi, akafunga sanduku. Usiku huo walilala loji ya Sinza yenye vigae na maji ya moto, na Lusubilo hakupiga picha hata moja.

Basi la kurudi lilipopita Makambako ndipo Lusubilo akafungua mdomo.

"Habari za rafiki aliyefukuliwa nani alikwambia?"

"Mwenyewe."

"Mimi hakuniambia kamwe."

"Ulikuwa unaingia mlangoni na kutoka."

Lusubilo alivuta pazia la dirisha, kisha akasema, "Nieleze basi." Yunisi akaeleza: njia, mgodi, jina la rafiki, wimbo wa Kindali, lugha yao ya nyumbani, aliouimba mzee homa ikipanda. Lusubilo alisikiliza ameinamisha kichwa, na mahali fulani baada ya Mbeya alijifuta uso kwa kiganja akisingizia vumbi. Yunisi alimhurumia, si sana.

Stendi ya Tunduma wenzake wa forodha walimlaki kwa kelele, wakitaka habari za hoteli kubwa. Lusubilo akakohoa, akarekebisha kola.

"Jamani, babu yangu..." akaanza.

Yunisi hakusubiri kusikia ni babu yupi. Aliipungia bodaboda mkono, akapakia sanduku, akaenda zake Chapwa kuangalia kama shuka zimefuliwa.