Utaratibu Ule Ule

Winfrida hakujua aanzie wapi. Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda tena, safari hii likaingia mpaka vyumbani, na watu wa kando ya maji pale Ujiji wakakimbilia maktaba na magodoro yao vichwani, maana ndilo jengo kubwa lililokuwa mwinukoni. Yeye alifungua mlango asubuhi ili apange magazeti. Jua halijakolea, kuku wameshapanda juu ya meza ya kusomea!

Akampigia simu mkubwa wake. Mkubwa naye alikuwa amevurugwa kama yeye. "Pokea watu, simamia utaratibu," akasema, akakata. Utaratibu upi? Hakusema. Dada wa watu kaletwa kikazi juzi tu kutoka Njombe, maafa anayasikia redioni, basi akashika utaratibu pekee alioujua: watu wakae, wanyamaze.

Na watu wa Ujiji kwa adabu, jamani! Wamepoteza masufuria na mabati, lakini kwa kuwa hapa ni maktaba, wakanong'ona. Wanaume wakaenda kubadili nguo zilizolowa upande wa magazeti, wanawake wakabaki upande wa vitabu vya watoto, makabati yakawa pazia. Winfrida akawa anazunguka huku na huku, kidole mdomoni. Alijiona mjinga, lakini afanyeje?

Upande wa wanaume alikuwepo mzee mmoja aliyebebwa na vijana, kaketishwa kitini na gazeti mkononi. Kila Winfrida alipopita, mzee alimvuta mkono. "Mwanangu, yule anayekohoa kule..."

"Shh, mzee wangu."

Aliyekuwa anakohoa ni Bi Shadia. Maji yalimkuta sokoni, majirani wakamburuta mpaka hapa kabla hajafika nyumbani, alikomwacha mumewe kitandani. Alimsogelea Winfrida akamnong'oneza, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, namtafuta mume wangu. Mtu mzima, haoni kabisa. Hebu nichungulilie kwa wanaume."

Winfrida akaenda, akatazama. Mmoja amelala, wengine wanakamua mashati, yule mzee yuko na gazeti lake. Akarudi.

"Hakuna asiyeona, mama."

"Basi yumo ndani bado," Shadia akasema. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka kuelekea majini. Winfrida alitaka kumzuia, lakini kwa amri ya nani? Mke anamfuata mumewe, maktaba inahusika vipi? Mwishowe akarudi kwenye kazi anayoielewa.

"Mzee, gazeti hilo la zamani. Nikubadilishie?"

"La nini, mwanangu? Najipepea tu. Mimi sioni."

Salaale!

"Mkeo anaitwa nani?"

"Shadia. Si ndiye nakuuliza tangu asubuhi? Mbona sasa simsikii kukohoa?"

Winfrida alitoka mbio, viatu akaviacha mlangoni, akapiga ukelele: "Bi Shadia! Yupo huku! Rudi!" Watu walishtuka, wakatoka barazani, wakaita naye, wanaume vifua wazi, wanawake na watoto migongoni. Shadia alikuwa maji ya kiuno. Aligeuka, na hapo hapo ukuta wa nyumba yake ukaporomoka.

Winfrida aliingia majini akamshika mkono, wakarudi wote wameloa chapachapa. Shadia alimwangukia mumewe, ambaye vijana walishamtoa barazani, analia huku anagomba.

"Mbona hukuniita, Hamdani?"

"Nilikatazwa. Yuko wapi huyo anayenyamazisha watu?"

Baraza zima likamtazama Winfrida.

"Ni mimi, mzee," akasema.

Mzee Hamdani akapapasa mpaka akaupata mkono wake, akaushika wala hakuubana.

"Mwanangu, kwani ulifikiri tumekuja kusoma?"