Bendeji ya Tano

Bendeji zilikuwa nne, za buluu, na nilizifunga mwenyewe. Nalisema hilo mapema kwa sababu kule mashindanoni hadi leo wanasimulia kwamba Wiebke Oltmanns, yule mwoka mikate, alishindwa kuhesabu hadi nne. Mimi nahesabu mikate mia nne kila alfajiri kabla ninyi hamjafumbua macho. Kuhesabu nakujua.

Ilikuwa Juni, mjini Hohenwede, kwenye mashindano ya kimataifa ya madaha ya farasi, mchezo ambao farasi huchezeshwa hatua za maringo mbele ya waamuzi. Rafiki yangu Antje Harms, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa na miaka hamsini na mbili, na mara mbili alikuwa amekosa nafasi ya timu ya taifa kwa chembe ya alama. Safari hii kocha wa taifa alimwambia bila kuzungusha maneno: ukimaliza Jumapili ndani ya watatu wa kwanza, umo. Mara nyingine isingekuwepo, maana farasi wake, Lorbeer, alikuwa na miaka kumi na sita.

Mtunzaji wa Lorbeer kwa miaka yote alikuwa Irmi, bibi mmoja mfupi, mkali, mwenye mikono inayonuka kafuri. Alimtumikia Antje miaka kumi na tisa. Januari walimkuta bandani amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kikombe cha chai mkononi, ameshafariki. Chai yenyewe haikuwa imemwagika hata tone.

Basi Antje akaja dukani kwangu.

"Chukua likizo wiki moja, Wiebke. Huhitaji ujuzi wowote. Unaosha, unasuka, unafunga, unafungua."

"Na akinipiga teke?"

"Utapiga kelele. Hiyo kazi unaiweza tangu utotoni."

Jambo moja tu alinisisitizia mpaka nikachoka kulisikia. Wakati wa kupasha misuli farasi hufungwa bendeji miguu yote minne, lakini akiingia uwanjani na bendeji hata moja, kengele inapigwa na mchezo wake umekwisha. Hakuna rufaa. Mtu aliye juu ya tandiko haoni miguu ya farasi wake, kwa hiyo pale langoni Antje huuliza neno moja, "Miguu?", na Irmi humjibu, "Mitupu yote minne, binti yangu." Hapo ndipo huingia.

Ijumaa daktari wa mashindano alimkagua Lorbeer. Nilimkimbiza mbele ya jopo la wakaguzi kwenye lami, mimi na tumbo langu, wakampitisha. Antje alinikumbatia. Mimi nilikuwa na langu moyoni ambalo sikulisema: yule farasi hakuwa ananitii mimi. Nilipotaka kusafisha kwato, mguu ulikuwa umeshainuliwa kabla sijainama. Nilipotaka kumvisha hatamu, aliinamisha kichwa chini mno, usawa wa kifua changu, kama anamwinamia mtu mfupi kuliko mimi. Nilijiambia ni mazoea tu, akili ya farasi ni ya mazoea, nikanywa chai yangu.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, jua limeshatoka, nilimkuta Lorbeer amesimama katikati ya majani makavu, ametulia, na mguu wa mbele wa kushoto umefungwa bendeji nyeupe. Mguu huo ndio pekee mweupe kwake, mwili mwingine wote ni mwekundu wa shaba. Bendeji ilikuwa ya kitani, ya kizamani, inayofungwa kwa kamba, na imelowa maji baridi. Ukingoni ilishonwa herufi I kwa uzi mwekundu.

Niliifungua, nikaenda nayo hadi kwenye kibanda cha Bwana Kruse, msimamizi wa mabanda, ambaye huandika daftarini kila anayeingia na kutoka.

"Nani kaingia kwa Lorbeer?"

Alishuka na kidole ukurasa mzima. "Hakuna. Wewe saa mbili usiku ulitoka, wewe sasa hivi umeingia."

"Kuna mtu kamfunga mguu."

"Basi kajifunga mwenyewe. Farasi wa kwenu pwani nasikia wamesoma."

Antje nilimkuta anakula mkate wake wa asubuhi. Nilipomwonyesha ile bendeji aliacha kutafuna. Uso ulimpauka wote, hadi midomo.

"Umeitoa wapi?"

"Mguuni kwa farasi wako. Ni ya Irmi hii, siyo?"

"Itupe."

"Antje, ni nani anaweza kufanya mchezo wa namna hii? Bibi wa watu hana hata miezi sita kaburini."

"Nimesema itupe, Wiebke! Wewe hukuletwa hapa kuuliza."

Nilidhani ni msiba unaomsumbua, nikamsamehe papo hapo. Niliitupa ndani ya pipa kubwa la samadi, na saa nne gari likaja kulibeba pipa lile, nikaliona kwa macho yangu likitoka getini. Mchana Lorbeer alicheza vizuri sana. Alivuka uwanja mshazari, akapiga miguu palepale bila kusogea, watu wakanyamaza kimya. Antje alishika nafasi ya pili. Tulikula soseji kwa haradali tukiwa tumesimama, tukicheka kama wasichana, na bendeji nikaisahau.

Jumapili alfajiri ilikuwa imerudi. Safi, imefuliwa, imelowa. Fundo liko upande wa nje, ncha imechomekwa mara mbili. Banda zima lilinuka kafuri.

Sioni haya kusema kwamba niliogopa. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, nikataja jina la Mungu ambalo huwa nalitaja Krismasi tu. Lorbeer hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa anatazama chini, mbele ya goti lake, masikio yote mawili yameelekea hapo, mahali ambapo mtu angekuwa amechuchumaa.

Baada ya muda nilipata ujasiri, nikaifungua. Nikakausha mguu, nikangoja saa nzima, nikaupapasa. Mikono yangu inapima unga tangu nina miaka kumi na sita. Mkate ukiwa na joto la ziada, hata kidogo sana, naujua kabla ya kipimajoto. Miguu mitatu ilikuwa sawa. Ule wa mbele wa kushoto, upande wake wa nyuma, chini ya goti, palikuwa na mahali pa ukubwa wa dole gumba penye moto.

"Usimtoe leo," nilimwambia Antje.

Alikuwa anavaa glavu nyeupe. "Daktari kampitisha mbele yako."

"Ijumaa. Leo ni Jumapili."

"Anatembea vizuri, anakula vizuri. Unataka nini kwangu? Unajua nimeingoja siku hii tangu lini?"

"Najua. Nilikuwepo mara zote mbili ulipolia. Lakini gusa tu, Antje. Gusa mwenyewe."

Hakugusa. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba mkono wake ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye ule mguu na hakuunyoosha. "Wewe ni mwoka mikate," alisema.

"Ndiyo. Na joto ndilo ninalolijua duniani."

"Funga zile za buluu. Tafadhali."

Nikafunga. Nilifunga huku nimenuna, lakini nilifunga, na naapa kwamba ule mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa mtupu na mkavu nilipouzungushia buluu. Tulikwenda uwanja wa mazoezi. Nilisimama kwenye uzio na ndoo yangu, nikimtazama Lorbeer akizunguka nusu saa nzima. Hakuna aliyemsogelea. Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepanda. Moyo wangu ulikuwa mzito kwa sababu sikuwa na la kufanya. Farasi si wangu, ndoto si yangu, na rafiki nimebaki naye mmoja tu wa aina ile.

Jina likaitwa. Tukasogea hadi langoni. Farasi aliyetangulia alikuwa anatoka huku ameshtushwa na bendera, anarukaruka, na msimamizi wa pale, anayewakagua wanaoingia, alikuwa anamkimbilia yeye. Niliinama kufungua. Mguu wa nyuma wa kulia, buluu ndani ya ndoo. Wa nyuma wa kushoto. Wa mbele wa kulia. Kisha nikaja kwenye ule wa mwisho, nikafungua kishikizo, nikazungusha, nikazungusha, na chini ya buluu nikakuta kitani nyeupe, imelowa, yenye baridi ya maji ya kisimani.

Ndoo ilikuwa na bendeji nne za buluu. Nilizihesabu hapohapo, nimepiga magoti, huku maji yakinitiririkia kiganjani.

Nilishika ncha ya ile kamba. Kuvuta tu, na Antje angeingia, na kwa hesabu zote angekuwa kwenye timu kabla ya saa kumi. Kutovuta, na angetolewa mbele ya watu elfu nne kwa kosa la mtunzaji, kosa la kijinga kuliko yote katika kazi ile. Nilifikiria uso wake mara zote mbili alipolia. Nilifikiria na ule moto wa dole gumba. Vidole vyangu vikaiachia kamba. Kutoka mbali, kitani nyeupe juu ya mguu mweupe haikuonekana.

"Miguu?" aliuliza Antje kutoka juu.

Nilifungua mdomo. Kumwambia ukweli nilishindwa kwa sababu angenilazimisha kuitoa. Kumdanganya nako nilishindwa, maana sijawahi kumdanganya. Nilibaki nimeinama, sikutoa hata sauti. Lakini Antje aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kujibiwa, akakaza hatamu, akaingia.

Muziki ulianza. Alisimama, akawasalimu waamuzi, akaenda kwa mbio za polepole kuelekea upande wao. Nikahesabu hatua. Kwenye ya kumi na moja kengele ikalia.

Uwanja wote uliguna. Mwamuzi mkuu alitoka kibandani, akanyoosha kidole kwenye mguu, akasema maneno machache, na Antje akavua kofia yake. Alirudi kwa mwendo wa kawaida, mgongo umenyooka, na sijawahi kuona kitu kigumu kukitazama kama mgongo ule.

"Nilikuuliza," alisema alipofika. "Neno moja tu, Wiebke! Kazi yako ilikuwa neno moja!"

Akashuka kwa nguvu, akainama aing'oe mwenyewe, ndipo akaona kwamba si ya buluu. Akaifungua polepole, akaweka kiganja nyuma ya mguu, mahali palepale, na safari hii hakukiondoa.

"Niitie daktari," alisema.

Daktari, mama mmoja mrefu asiye na maneno mengi, alipitisha mashine yake ya picha juu ya mguu na kutuonyesha kwenye kioo. Ndani ya kano palikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa punje ya dengu.

"Dakika sita za madaha juu ya hili," alisema, "zingeikata kano yote. Mnajua ninachofanya farasi wa umri huu akikatika kano. Mpumzisheni mwaka. Nani aliligundua?"

Tulitazamana. "Mtunzaji," alisema Antje.

Jioni tulikaa bandani juu ya sanduku la vifaa, chai baina yetu, jua bado liko juu ya paa. Nilijitayarisha kufukuzwa. Nilimwambia yote, kwamba niliiona, niliishika kamba, nikaiacha kwa makusudi.

"Najua," alisema. "Mimi nina langu baya zaidi. Desemba Irmi aliniambia mguu huu una joto. Akasema nimpumzishe mwaka. Nikamwambia amezeeka, mikono imekufa ganzi, ashike ufagio aache kunipangia. Hakusema tena na mimi mpaka siku ile ya ndoo." Alijifuta pua kwa glavu nyeupe. "Tangu siku hiyo sijaugusa huu mguu, Wiebke. Niliogopa kukuta kwamba alisema kweli."

Nilimmiminia chai.

"Pale langoni," akaendelea, "ulinijibu nini?"

"Sikujibu kitu. Nilishindwa."

"Najua hukujibu. Wewe hujaniita binti yangu hata siku moja." "Nilimsikia vizuri kabisa, hapa, upande wa kushoto. Mitupu yote minne, binti yangu. Nilifurahi mno kuisikia sauti ile hata sikugeuka. Miaka kumi na tisa hakunidanganya hata mara moja, ndiyo maana niliingia."

Lorbeer aliacha kula. Aliinua mguu wa mbele wa kushoto, taratibu, akauacha hewani, masikio yameelekea mbele, na pale kwenye majani makavu hapakuwa na mtu. Mimi sikuthubutu kusogea. Antje aliteremka kutoka juu ya sanduku, akapiga magoti na suruali yake nyeupe kwenye samadi, akiutazama ule uwazi.

"Mwaka mzima, Irmi," alisema. "Nakuahidi. Nisamehe."

Mguu ulibaki juu muda kidogo zaidi, kisha Lorbeer akaushusha chini.